micro:bit V2 kwa sekondari za Mtwara na Lindi: kibao kizuri, ila kisitangulie bao

Mwalimu wa Sayansi ya Kompyuta anayepiga hesabu ya kununua micro:bit (kibao kidogo cha kompyuta cha kujifunzia kuandika programu) kwa fedha za shule, jibu letu ni hili: nunua, ila nunua chache kuliko ulivyopanga, na usizigawe darasani kabla ya wiki ya tatu. Kibao chenyewe hakina ubaya mkubwa. Tatizo huwa ni mpangilio. Boksi hufunguliwa siku ya kwanza, wanafunzi wakapitisha majina yao kwenye taa, makofi yakapigwa, na baada ya vipindi vinne kila mmoja anajua kuburuta bloku (vipande vya maagizo vinavyopangwa kwenye skrini) lakini hakuna anayeweza kueleza kwa nini programu yake imekwama. Hapo shule imenunua midoli ya bei mbaya.

Tunapima kifaa hiki kwa kazi moja tu: je, kinamsaidia mtoto wa Kidato cha Kwanza au cha Pili kujenga fikra za kikompyuta? Maana yake ni kulivunja tatizo vipandevipande, kutambua ruwaza, kuacha yasiyohusika, kupanga hatua ambazo mtu mwingine anaweza kuzifuata bila kuuliza, na kusaka hitilafu kwa utaratibu badala ya kubahatisha. Mwanasayansi wa kompyuta Jeannette Wing aliandika mwaka 2006 kwamba ujuzi huu ni wa kila mtu, si wa mtaalamu wa kompyuta peke yake. Mtu anayepanga foleni ya magunia kwenye ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) msimu wa korosho anauhitaji vilevile.

Kilichomo

Ni kibao cha upana wa sentimita 4 kwa 5 hivi. Mbele kina taa ndogo nyekundu 25, safu tano kwa tano, vitufe viwili A na B, na nembo ya juu inayohisi mguso. Ndani yake kuna kihisi cha mwendo, dira, kihisi cha joto, maikrofoni, spika ndogo na redio ya kutumiana ujumbe kwa umbali mfupi. Prosesa inakwenda kwa megahezi 64, kumbukumbu ya kazi ni kilobaiti 128 na hifadhi ya programu kilobaiti 512. Kwa kazi za sekondari hutazimaliza. Kifurushi cha mtu mmoja huja na waya mfupi wa USB, kishikio cha betri na betri mbili za AAA, zile nyembamba za rimoti. Bei ya nje ni kama dola 15 hadi 20 za Marekani, na usafiri unaongezeka juu yake, kwa hiyo ukiagiza kimojakimoja utaumia.

V2, yaani toleo la pili, ilitoka mwaka 2020. Ile ya kwanza iligawiwa bure kwa wanafunzi wa Uingereza mwaka 2016, na bado zinazunguka kwenye misaada. Ukiletewa za msaada, angalia: V1 haina spika wala maikrofoni, na nembo yake haihisi mguso. Programu yenye bloku za sauti au nembo ikiwekwa kwenye V1, kibao kinaonyesha uso wa huzuni na namba 927. Hakijaharibika. Kimeagizwa kazi ambayo hakina kiungo cha kuifanyia.

Vipindi vya kwanza: mashimo na komwe

Programu ya MakeCode, inayotumika kuandikia micro:bit, ina mafunzo mengi mazuri. Udhaifu wake ni kwamba yanamshika mtoto mkono kupita kiasi: buruta hiki, weka pale, umemaliza. Mtoto anafika mwisho bila kuamua jambo hata moja. Ndiyo maana tunashauri vipindi viwili vya mwanzo, dakika 80 zikiunganishwa, vifanyike nje chini ya mkorosho, bila umeme wala kompyuta. Na huku kwetu chombo cha kazi hiyo kipo tangu zamani.

Chukua bao la kujifunza, lile ambalo kila shimo lina kete 2. Tumia upande wa mchezaji mmoja tu: mashimo 16 yanayozunguka, kete 32. Bao halipo? Chimba mashimo, tumia komwe au kokoto. (Maganda ya korosho yasitumike, hata yaliyokauka: yana mafuta yanayobabua ngozi. Watoto wa Newala hawahitaji kuambiwa, ila mwalimu mgeni anahitaji.) Kanuni iwe hii: chagua shimo, chukua kete zote, gawa mojamoja kwa mwelekeo mmoja. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, chukua zote zilizomo, uendelee. Ikiangukia shimo tupu, umelala.

Mzee wa kijiweni akipita atasema hili si bao, ni kutakata tu: hakuna kula, hakuna nyumba, hakuna kunamua (kuingiza kete mpya mojamoja). Ni kweli, na mwalimu amshukuru, kwa sababu ameitaja hatua ya kuacha yasiyohusika kabla ya darasa kuifikia. Tumeuacha mchezo tukachukua mwendo wake.

Gawa darasa katika makundi ya wanne. Mmoja ni mkono: anagusa kete na haruhusiwi kufikiri. Mmoja anasoma maelekezo waliyoandika wenyewe, kwa Kiswahili. Wa tatu anaandika hali ya mashimo kila kete zinapochukuliwa. Wa nne anakagua kama mkono umefanya jambo ambalo halikuandikwa. Kisha makundi yabadilishane karatasi.

Jibu sahihi mwalimu awe nalo mfukoni. Kete huchukuliwa mara 7, zinazogawiwa ni 21 kwa jumla, na ya mwisho inalala kwenye shimo la 6, ukihesabu lile la kuanzia kuwa la 1. Mashimo yanayobaki tupu ni manne: la 2, la 9, la 12 na la 15. Kundi likipata jibu jingine, lisikosolewe. Lirudi kwenye karatasi ya yule wa tatu litafute hatua ambapo njia ziliachana. Huko ndiko kusaka hitilafu.

Sasa waulize: tukianzia shimo jingine itakuwaje? Wengi wataanza kugawa upya. Atakayesema jibu ni lilelile kwa sababu mashimo yote yameanza sawa, huyo ameona ruwaza, na hahitaji kugusa kete hata moja.

Hitilafu yenye faida kuliko zote hutokea kwenye sentensi moja. Wanafunzi huandika: “Dondosha kete ya mwisho. Kama shimo lina kete, chukua zote uendelee.” Mkono ukiifuata neno kwa neno, mchezo hauishi, maana shimo uliloshalidondoshea kete haliwezi kuwa tupu. Mtu mzima hulielewa lililokusudiwa na kulirekebisha kichwani bila kujua, ila mkono usioruhusiwa kufikiri haurekebishi. Dawa ni mbili: kagua kabla ya kudondosha, au kagua kama shimo sasa lina kete zaidi ya 1. Wakiligombania hili dakika kumi, waache.

Kuhamia kwenye kibao

Pembezoni mwa zile taa 25 kuna taa 16 kamili, sawa na mashimo ya upande mmoja wa bao. Hapa kifaa kinalipa bei yake, kwa sababu tatizo ambalo watoto wamelishika kwa vidole wanaliona likitembea lenyewe.

Mashimo yawekwe kwenye orodha moja yenye nafasi 16, namba 0 hadi 15. Usiwaache waburute visanduku 16. Kitanzi kinachorudia mara 16 kuongeza namba 2 mwishoni mwa orodha kinatosha. Ongeza vigeu viwili, yaani majina yanayotunza namba inayobadilika: p kwa mahali ulipo, na mkononi kwa kete ulizoshika. Kitufe A kinasogeza p. Kitufe B kinaanza mchezo: mkononi ichukue kilichomo kwenye shimo p, shimo p liwe 0, halafu maadamu mkononi ni zaidi ya 0, rudia haya. p iwe baki la (p jumlisha 1) ukigawanya kwa 16. Shimo p liongezeke 1. Mkononi ipungue 1. Onyesha. Subiri milisekunde 300. Kama mkononi ni 0 na shimo p lina zaidi ya 1, zichukue zote na shimo liwe 0. Basi. Kete 21 zinakwenda kwa sekunde 6 na ushei, kasi ambayo jicho linaweza kuifuata.

Sehemu ngumu ni “onyesha”. Namba ya shimo lazima igeuzwe kuwa safu na mstari wa taa, na kuna hali nne. Shimo 0 hadi 4 liko mstari wa juu: x ni namba yenyewe, y ni 0. Shimo 5 hadi 8 liko upande wa kulia: x ni 4, y ni namba toa 4. Shimo 9 hadi 12 liko chini: x ni 12 toa namba, y ni 4. Shimo 13 hadi 15 liko kushoto: x ni 0, y ni 16 toa namba. Usiwape. Wape karatasi ya miraba mitano kwa mitano waandike namba pembezoni, watazipata wenyewe kwa kutazama zipi zinapanda na zipi zinashuka. Mwangaza wa kila taa uwe kete mara 40, usizidi 255.

Nembo ya juu ipewe kazi ya kuonyesha jumla ya mashimo yote 16 baada ya mchezo kulala. Lazima iwe 32, siku zote. Ikizidi, kuna shimo lililochukuliwa kete bila kufanywa 0. Ikipungua, karibu kila mara wamesahau baki la kugawanya kwa 16, na kete zimevuka shimo 15 zikaenda mahali pasipokuwa na taa. Kipimo hiki kimoja kinamwokoa mwalimu kuzunguka meza kumi akisoma programu za watu.

Kasoro iliyo wazi hapa ni ya taa zenyewe: tofauti ya kete 1 na 2 inaonekana vizuri, ya 3 na 4 haionekani, hasa darasa likiwa na mwanga mwingi wa jua. Kwa programu zinazohitaji namba kamili, taa 25 ni chache. Namba ya tarakimu moja inasimama, ya tarakimu mbili inapita ikisogea, na wakati inapita programu inasubiri. Mfano wa kuhesabu magunia ya korosho, A kwa daraja la kwanza na B kwa daraja la pili, unaonyesha hili haraka: ukiweka “onyesha namba” ndani ya kila kitufe, baada ya gunia la 10 maonyesho yanachelewa nyuma ya mibonyezo, na ukibonyeza mfululizo mingine inaweza kupotea. Kuhesabu kutenganishwe na kuonyesha. Vitufe vibadilishe kigeu tu, nembo ndiyo isomwe. Funzo zuri, japo tungependa lisitokane na ufinyu wa kioo.

Joto, redio

Kihisi cha joto kisikudanganye. Kinapima joto la prosesa, kwa hiyo kinasoma juu ya joto la hewa kwa nyuzi kadhaa, na kikichomekwa kwenye kompyuta kwa muda mrefu ndiyo zaidi. Mwanafunzi wa Kilwa Masoko atakayeandika kwamba darasa lina nyuzi 37 kwa sababu kibao kimesema, amejifunza kukiamini kibao. Mpe kipimajoto cha kawaida akiweke pembeni, aone tofauti, aitoe kwenye programu. Au mwambie alinganishe tu: vibao viwili, kimoja chini ya bati lisilo na dari, kingine kivulini, vikirekodi kila dakika. V2 inaweza kuhifadhi vipimo hivyo yenyewe. Ukichomeka baadaye, faili la MY_DATA linafunguka kama jedwali. Ila uyanakili kabla ya kuweka programu mpya, maana programu mpya inayafuta.

Redio ni sehemu ambayo watoto huipenda kuliko zote, na ndiyo inayoleta kelele kuliko zote. Kila jozi lazima ipange namba yake ya kundi, kati ya 0 na 255, mwanzoni mwa programu. Jozi mbili zikiwa na namba moja zinasomeana ujumbe. Wasipopanga kabisa, vibao viwili vyenye programu tofauti vinaweza visisikilizane, na mwalimu atadhani redio imekufa. Maandishi ya ujumbe mmoja hayavuki herufi 19, jambo linalowalazimisha kubuni ufupisho. Hilo tunaliona ni faida.

Yanayokwama

Waya. Hilo ndilo la kwanza, la pili na la tatu. Waya nyingi za simu za zamani zinachaji tu, hazina nyuzi za data. Ukichomeka, kibao kinawaka, programu iliyomo inaendelea, lakini diski ya MICROBIT haionekani kwenye kompyuta. Kabla ya kununua, jaribu waya kwa simu inayoingiliana nao: usipoona mafaili ya simu kwenye kompyuta, uache dukani.

Diski ikijitokeza kwa jina la MAINTENANCE, mtoto alikuwa ameshika kitufe cha nyuma wakati anachomeka. Chomoa, chomeka tena bila kukigusa. Likitokea faili la FAIL.TXT, unakili haukukamilika. Mara nyingi waya ulichomolewa taa ndogo ya nyuma ikiwa bado inametameta. Umeme ukikatika katikati ya unakili ni hivyohivyo, nakili upya.

Kazi za MakeCode zinakaa kwenye kivinjari cha kompyuta, na huwezi kuirudisha programu kwa kuinakili kutoka kwenye kibao. Anayefuta historia ya kivinjari pamoja na data za tovuti amefuta kazi za darasa zima. Kila kundi lihifadhi faili lake la hex (faili la programu linalopakuliwa kutoka MakeCode) kwenye flashi. Ukiliburuta ndani ya MakeCode linafunguka likiwa na bloku zake. Intaneti si kikwazo kama inavyodhaniwa: ukurasa wa MakeCode ukishafunguliwa mara moja na intaneti, kivinjari kinautunza na kazi za kawaida zinafanyika bila mtandao. Ipo pia programu ya kusakinisha kwenye Windows. Isakinishe likizo, usingoje kipindi.

Kwenye betri, mbili za AAA zinatoa volti 3 na hapo ndipo penyewe. Kishikio cha betri tatu ni volti 4.5, na kibao hakitakiwi kuvuka 3.6. Betri zikichoka taa hufifia na kibao hujianzisha upya kila spika inapolia. Wanafunzi wataitafuta hitilafu kwenye programu isiyo na kosa. Pawabenki haifai sana, kwani nyingi hujizima zikiona umeme unaovutwa ni mdogo. Na meza za chuma za maabara zitandikwe gazeti, maana nyuma ya kibao kuna viungo vya metali visivyofunikwa na vinaweza kupiga shoti.

Shule za pwani, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, zina adui mwingine: hewa ya chumvi. Meno ya rangi ya dhahabu ya ukingo wa chini wa kibao huanza kufifia yakishikwashikwa na vidole vyenye jasho. Yafutwe kwa kitambaa kikavu na vibao vilale kwenye kopo lenye mfuniko unaobana.

Ununue ngapi

Kwa darasa la wanafunzi 40 lenye kompyuta 10, vibao 10 na 2 vya akiba vinatosha. MakeCode ina kibao cha mfano kwenye skrini, kwa hiyo kundi linajaribu hapo kwanza, na kibao halisi kinahitajika dakika chache za mwisho. Kibao kwa kila mtoto kinapunguza mabishano, na mabishano ndiyo somo. Fedha inayobaki inunue waya 15 zilizojaribiwa na betri za kutosha mihula miwili.

Shule yenye kompyuta lakini isiyo na bajeti ianze na Scratch, programu ya kompyuta inayotumia bloku vilevile. Ni ya bure, ina toleo lisilohitaji intaneti, na unaweza kuibadili menyu na bloku zake kuwa Kiswahili. Bao la mashimo 16 linaandikika humo vizuri. Arduino Uno, kibao kingine kinachounganishwa kwa waya nyingi, tusingeishauri kwa Kidato cha Kwanza. Waya zikilegea, kipindi kinaishia kwenye waya.

Shule isiyo na kompyuta kabisa isinunue hata kimoja kwa kutegemea vishkwambi walivyopewa walimu baada ya Sensa ya 2022, kabla ya kujaribu kimoja cha kuazima. Inawezekana: kuna programu ya micro:bit ya Android inayopeleka kazi kwa Bluetooth. Unashika A na B pamoja, unabonyeza na kuachia kitufe cha nyuma, unaendelea kushika mpaka taa zijae, kisha unaoanisha kibao na kishkwambi. Lakini kila kishkwambi kinaoanishwa na kibao chake, unakili ni wa polepole kuliko waya, na vibao kumi vikioanishwa kwa pamoja darasani watoto watashika visivyo vyao. Viandikwe namba kwa kalamu ya wino usiofutika, na vioanishwe kimojakimoja kabla wanafunzi hawajaingia.